Cheche ya asubuhi, moto wa mchana: kisa cha Lahaina kikisomwa kutoka Tanga

Kila kiangazi, nyasi zikishageuka rangi kuanzia Pongwe hadi Korogwe na moshi ukaanza kupanda huku na kule, swali la vijiweni huwa moja: nani kawasha? Mrina asali, mchoma mkaa, mfugaji anayetaka majani machanga, mwinda ndezi, mtoto wa jirani. Jina likishapatikana, mjadala umekwisha. Kisa cha Lahaina, mji wa Hawaii ulioteketea kwa moto Agosti 2023, kinawafaa watu wa ukanda huu kwa sababu swali hilo hilo lilijibiwa kule kwa kina, kwa ripoti na mihuri, na bado jibu likaacha sehemu kubwa ya maangamizi bila maelezo. Kinatufaa pia kwa jambo lisilosemwa sana: nyasi zilizoulisha moto ule zina asili ya Afrika, na za jamii hiyo hiyo zinaota kando ya reli yetu.

Siku yenyewe

Lahaina ni mji wa pwani, magharibi mwa kisiwa cha Maui, Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya bahari ya Pasifiki. Uliwahi kuwa makao makuu ya ufalme wa Hawaii hadi mwaka 1845. Jina lake hufasiriwa na wengi kuwa jua lisilo na huruma, na kweli upande ule ni mkavu, maana milima iliyo nyuma ya mji huyakinga mawingu ya mvua.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti 2023 upepo ulianza kuteremka kutoka mlimani kwenda baharini. Kimbunga Dora kilikuwa kikipita mbali sana kusini, na kaskazini kulikuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa. Hewa ilisukumwa katikati ya hivyo viwili, ikavuka milima, na ilipoteremka upande wa pili ikazidi kasi na ukavu. Mikupuo ya upepo ilipita kilomita 100 kwa saa. Nguzo za umeme za mbao zikaanguka. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshatoa tahadhari ya moto.

Kwa saa zetu za Kiswahili, siku ilikwenda hivi. Karibu saa 12:35 asubuhi uliripotiwa moto wa kichakani juu ya mji, jirani na barabara ya Lahainaluna. Waya uliokatika ulirudishiwa umeme ukiwa chini, ukarusha cheche kwenye majani makavu. Zimamoto wakafika. Kabla ya saa 3 asubuhi moto ukahesabiwa umedhibitiwa kwa asilimia 100. Wakabaki pale kwa saa kadhaa, wakimwaga maji na kuchunguza. Saa 8:17 mchana, wakiwa hawaoni moshi wala kaa lililo hai, wakaondoka. Saa 8:52 mchana, dakika 35 baadaye, ukaripotiwa moto pale pale.

Ule wa pili haukuzuilika. Ulivuka barabara ya lami ya mchepuko, ukaingia kwenye nyumba zilizosongamana, na kuanzia hapo haukuwa tena moto wa nyasi: nyumba iliwasha nyumba. Watu walikwama kwenye foleni ya magari, baadhi ya njia zikiwa zimezibwa na nguzo na nyaya zilizoanguka. Wengine waliruka baharini wakakaa majini kwa saa nyingi. Waliokufa ni 102, na majengo yapatayo 2,200 yaliharibika au kuteketea. Marekani haikuwa imeona moto kichaa ulioua watu wengi hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Neno lililoponza

Hasira ya kwanza ya wakazi ilitokana na neno. Waliambiwa asubuhi moto umedhibitiwa kwa asilimia 100, na kwa masikio ya mtu wa kawaida hiyo ni kusema umezimika. Kwa mtu wa zimamoto siyo. Kuudhibiti moto ni kuuzungushia mpaka ambao unategemewa hautavukwa: barabara, udongo uliokwanguliwa, ukanda ulioloweshwa. Ndani ya mpaka huo panaweza kubaki visiki vinavyofuka, mizizi inayoungua chini kwa chini, na makaa yaliyofunikwa na jivu. Kuzima ni hatua nyingine, na ndiyo inayokula muda.

Huku kwetu neno hilo husumbua vivyo hivyo. Kijiji kikiambiwa "moto tumeshaudhibiti", watu hurudi majumbani na ndoo zao. Anayetoa taarifa angesema mambo mawili tu: mpaka umefika wapi, na nani analinda mpaka leo usiku.

Wote walikuwa na ukweli, kila mmoja na wake

Kaunti ya Maui iliishitaki kampuni ya umeme, Hawaiian Electric, tarehe 24 Agosti 2023. Siku chache baadaye kampuni ilijibu kwa maneno yaliyopimwa: moto wa asubuhi unaonekana ulisababishwa na nyaya zetu, lakini wa mchana sio wetu, kwa kuwa nyaya za eneo lile zilikuwa hazina umeme kwa zaidi ya saa 6.

Jibu hilo liliwapasua watu. Wengine waliliona uongo wa mwanasheria, wengine wakaona limeisafisha kampuni. Ukilisoma kwa utulivu utaona kwamba kauli kuhusu umeme inaweza kuwa kweli tupu na isibadili chochote. Oktoba 2024 ripoti ya zimamoto wa Maui, pamoja na ya wachunguzi wa ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayochunguza pia mioto, ilihitimisha kwamba hapakuwa na mioto miwili. Ulikuwa mmoja. Wa mchana ulikuwa wa asubuhi uliofufuka, na inaelekea kipande kinachofuka kilipeperushwa na upepo hadi kwenye korongo lenye majani makavu. Haukuwashwa kwa makusudi. Ripoti iliuita ajali.

Wahenga walisema panapofuka moshi hapakosi moto. Lahaina imetuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: pasipofuka moshi, moto unaweza kuwapo.

Swali la cheche likawa limejibiwa. Lakini angalia malipo. Makubaliano ya fidia yaliyotangazwa Agosti 2024, ya dola zipatazo bilioni 4, hayakubebwa na kampuni ya umeme peke yake. Walalamikiwa walikuwa saba, na miongoni mwao walikuwamo serikali ya jimbo, kaunti yenyewe na wamiliki wa ardhi iliyoota nyasi. Aliyelipia nyasi hakuwasha chochote. Hapo ndipo mjadala wa sababu ulipokuwa na maana zaidi, na ndipo ulipozungumzwa kidogo kuliko kote.

Nyasi

Juu ya Lahaina kulikuwa na miwa kwa zaidi ya karne. Kiwanda cha Pioneer Mill kilifungwa mwaka 1999, na mwaka 2016 shamba kubwa la mwisho la miwa Hawaii, nalo likiwa Maui, likafuata. Maji ya umwagiliaji yakakatwa, trekta zikaondoka, na nafasi ikachukuliwa na nyasi zilizopelekwa kule zamani kuwa malisho. Moja ni nyasi ya ginea, ambayo wataalamu wa mimea waliizoea kwa jina la Panicum maximum na sasa huiita Megathyrsus maximus. Ni mzaliwa wa Afrika. Ikipata mvua hufika mita 2 hadi 3. Kwao inaliwa na ng'ombe na wanyama wa porini, inafyekwa, inapunguzwa. Kule ilikuta mashamba matupu.

Ubaya wa nyasi ya namna hii kwenye moto una sababu za kimaumbile, na inafaa kuzijua kwa vipimo. Jani au bua jembamba lililokufa, lisilofika unene wa milimita 6, hubadilisha unyevu wake kufuata hewa kwa muda wa kama saa 1. Maana yake, umande wa alfajiri haukulindi mchana, na hata mvua ya jana haikulindi leo ikiwa kumekuwa na jua na upepo tangu asubuhi. Gogo huchukua wiki kukauka. Nyasi huchukua muda wa kupika maharage. Tena nyasi ikiungua haifi. Shina lake hubaki udongoni na likipata maji huchipua mapema, wakati vichaka na miti ya asili vinachukua miaka. Kwa hiyo kila moto hupanua eneo la nyasi, na nyasi nyingi huleta moto mwingine.

Sasa tazama ramani ya Tanga. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe, Pangani. Ni mwaka ule ule, kwa sadfa, ambao wakubwa wa biashara na mashamba ya miwa walishiriki kumpindua malkia Liliʻuokalani wa Hawaii. Mkonge ukatambaa kando ya reli: Ngomeni, Muheza, Hale, Korogwe, Mazinde, Mombo. Nyuzi za viwandani zilipoua bei, eneo kubwa likaachwa. Mashamba mengine yamefufuliwa na wakulima wadogo wamegawiwa vitalu, lakini palipobaki pori, nyasi ndefu imeingia kati ya mistari. Jani bichi la mkonge lina maji mengi na halishiki moto upesi. Kinachoungua ni nyasi ya katikati, majani yaliyokufa chini ya shina na milingoti iliyokauka. Mwenye shamba akiona mkonge wake umebabuka tu hudhani amepona, kumbe jirani yake mwenye vibanda vya makuti ndiye aliyepokea moto uliopita humo.

Tofauti nayo isemwe. Upepo wa kuteremka mlima kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa siyo jambo la kawaida Tanga, na atakayewatisha watu wa Chumbageni kwamba mji wao utakuwa Lahaina anatia chumvi. Hatari yetu ni ndogo kwa ukubwa na ya mara kwa mara: kibanda, banda la mbuzi, ekari kadhaa za muhogo, kipande cha msitu wa Usambara. Jambo moja tu linazidisha kasi bila upepo wowote, nalo ni mteremko. Kanuni ya mafundi wa moto ni kwamba kila nyuzi 10 za mwinuko, moto unaopanda hukaribia kuongeza kasi yake mara mbili. Anayechoma mabiwi chini ya kilima Lushoto akidhani ana nafasi ya kukimbia juu, amekosea hesabu.

King'ora na maji

Hawaii ina mfumo mkubwa wa ving'ora vya nje, vipatavyo 400, na 80 kati yake viko Maui. Siku ile Lahaina havikulia. Mkuu wa idara ya dharura ya kaunti, Herman Andaya, aliulizwa tarehe 16 Agosti kama anajutia, akasema hapana: watu wamezoeshwa kuwa king'ora ni cha tsunami, wakikisikia hukimbilia juu, na juu ndiko moto ulikokuwa. Kesho yake akajiuzulu.

Wengi walimcheka. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, ila ilifichua kosa la zamani: kifaa kimoja kilifundishwa kwa maana moja. Ujumbe wa simu uliotumwa badala yake ulitegemea minara na umeme, na vyote vilikuwa vinakatika. Kwetu kengele ya kijiji, ngoma, au kipaza sauti cha msikiti kinaweza kufanya kazi ile, kwa sharti kwamba tangazo liseme moto uko wapi na watu waelekee wapi. "Moto! Moto!" huwapeleka watu wote kwenye moto.

Maji nayo yalizua ugomvi. Zimamoto walikuta haidranti, yaani mabomba ya barabarani ya kuzimia moto, zimeishiwa nguvu. Lawama zikaelekezwa kwa ofisa wa maji aliyedaiwa kuchelewesha kibali cha kujaza mabwawa ya kampuni moja ya ardhi. Swali lilivuma kwa wiki kadhaa, kisha likafifia, kwa kuwa mabwawa yale hayakuwa yameunganishwa na haidranti za mji, na helikopta za kuchota maji hazikuweza kuruka kwa upepo ule. Kilichokausha mabomba kilikuwa cha kawaida zaidi: umeme wa pampu ulikatika, na kila nyumba iliyoteketea iliacha mabomba yake wazi yakimwaga. Mji ulivuja maji kwa mamia ya matundu wakati ule ule ulipoyahitaji.

Miale kutoka angani

Wiki haikuisha kabla ya kuenea dai kwamba Lahaina ilichomwa kwa silaha ya leza ili matajiri wachukue ardhi. Lilifika hadi kwenye simu za Ngamiani, pamoja na picha. Halistahili kupuuzwa kwa kicheko, kwa sababu wanaolishika huwa na maswali ya macho, na maswali ya macho yana majibu.

Rimu za magari ziliyeyuka zikatiririka barabarani. Moto wa kawaida unawezaje? Alumini huyeyuka kwa nyuzi joto 660, na gari linaloungua hupita hapo. Asiyeamini aende kwa fundi anayesubu sufuria: mkaa, feni ya kupuliza, chungu cha chuma, na ndani yake pistoni na rimu zilizovunjika zinakuwa uji. Hana leza.

Miti ilibaki imesimama huku nyumba zikiwa jivu. Mti ulio hai umejaa maji. Nyumba ni mbao zilizokaushwa kwa miaka mingi, na ndani yake magodoro, plastiki na mitungi ya gesi. Haiwashwi na ukuta wa moto unaotembea. Huwashwa na cheche zinazoingia kwenye tundu la paa au kurundikana kwenye majani ya mfereji, ikaungua kutokea ndani. Mti ulio mita 5 kutoka hapo hubabuka. Mbanyani maarufu wa Lahaina, uliopandwa mwaka 1873 na ulio jamii moja na mikuyu yetu, uliungua majani, kisha ukachipua tena.

Vitu vya bluu havikuungua, kwa hiyo leza ilipangwa isiguse bluu? Vya bluu viliungua kwa wingi. Aliyekusanya picha alichukua miavuli na magari yaliyobaki, akaacha mengine. Na picha iliyozunguka sana, ya mstari mrefu wa mwanga kutoka mbinguni, ilikuwa ya roketi ya SpaceX iliyorushwa California mwaka 2018.

Kisha iko ile nyumba ya paa jekundu, imebaki peke yake katikati ya majivu. Wengi waliiona kama ushahidi wa njama. Wenye nyumba walikuwa wameikarabati si muda mrefu kabla: walibadilisha paa la lami kwa bati zito, wakaondoa mimea iliyogusa kuta, wakazungushia mawe chini ya michirizi ya paa. Hawakuwa wakijikinga na moto. Ilikuwa nyumba ya mbao ya miaka kama 100, nao walitaka kuitunza. Picha ile ile iliyotumiwa kuthibitisha leza ndiyo picha nzuri kuliko zote ya kufundishia kinga.

Mwandishi wa uchambuzi huu anaona waliosema leza walikosea juu ya mwali, lakini hawakukosea kuiangalia ardhi. Historia ya pale ni ya ardhi na maji kuhamishwa kutoka kwa wenyeji kwenda kwenye miwa, na moshi haujaisha wakazi wakaanza kusema wanapigiwa simu na wanunuzi. Gavana ilibidi apige marufuku watu kuwafuata wahanga na ofa za kununua viwanja. Ripoti ya chanzo ilitoka baada ya miezi 14. Miezi 14 ni kimya kirefu mno kwa watu waliofiwa, na uvumi haungoji. Shamba la mkonge lililotelekezwa likiungua Muheza, maneno yatakuja kwa mkondo huo huo: kachoma mwekezaji awatoe wavamizi, hapana, wamechoma wavamizi wapate makonde. Uongozi unaotaka kuzuia hilo utoe taarifa siku ya pili, hata kama ni ya mistari minne, iseme kilichoonekana na kinachoendelea kuchunguzwa. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulielezwa mapema na TANAPA kuwa ulianza kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Wako waliobisha, lakini walibishana na kauli iliyokuwepo, hawakubishana na kimya.

Kuusoma moto baada ya kuzima

Chanzo hutafutwa ardhini kabla hakijatafutwa midomoni. Kosa la kwanza ni watu na magari kukanyaga pale moto ulipoanzia. Wa kwanza kufika achomeke vijiti, afunge kamba ya katani, azuie njia.

Pale pa mwanzo huwa padogo na huungua kidogo kuliko kwingine, kwa sababu moto ulikuwa bado haujapata nguvu. Hili huwapotosha wengi. Wao huanza kutafuta palipoteketea zaidi. Moto ukirudi nyuma dhidi ya upepo hula bua la nyasi kwa chini, bua likaanguka kuelekea upande moto unakotoka. Vichwa vya nyasi vilivyolala vinakuonyesha njia ya kurudi. Mawe hushika masizi na kupasuka upande uliotazama moto unaokuja. Kwenye nguzo au shina la mnazi, moto uliokwenda na upepo huacha weusi uliopanda juu upande wa kisogoni, na uliorudi nyuma huacha mstari ulio sambamba na ardhi. Ukifuata alama 10 au 15 za namna hii utaletwa kwenye eneo la hatua chache. Hapo piga magoti na utafute: kishungi cha sigara, shaba iliyoyeyuka ya waya, mwenge wa mrina asali, biwi la jivu lililozidi kina. Na usipopata kitu, andika hujapata.

Dakika 35

Turudi pale Lahaina saa 8:17. Zimamoto wale hawakuwa wazembe. Walikaa kwa saa nyingi, wakaangalia, hawakuona kitu. Tatizo ni kwamba jicho ni kipimo dhaifu cha kaa. Mchana wa jua kali moshi mwembamba hauonekani, na upepo mkali huutawanya kabla haujapanda.

Mkulima wa pwani yumo katika hali hiyo hiyo kila msimu wa kutayarisha shamba. Anachoma mabiwi saa 1 asubuhi kukiwa shwari, saa 4 anaona jivu tu, anakwenda zake. Saa 7 au 8 upepo wa bahari unapanda, unaufungua ule ukoko wa jivu, kaa linapata hewa. Wakati huo hayupo. Ndiyo maana kuchoma jioni ni salama zaidi kwa jumla, upepo unapolegea na unyevu kupanda, kwa sharti la kulala mtu pale. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo haimwachi mtu awashe moto wa majani kama apendavyo. Anza kwa kibali na kuwaarifu wanaopakana nawe.

Kuzima masalia kunafanywa hivi. Anzia pembezoni, kwenye mpaka wa palipoungua na palipo hai, ukiingia ndani angalau mita 30. Kwa kipande cha ekari moja au mbili zima chote. Tembeza mgongo wa kiganja juu ya jivu bila kugusa, kwa kuwa ngozi ya pale huhisi joto upesi kuliko kiganja chenyewe. Pakiwa na joto, gusa, kisha chimba. Maji yakimwagwa juu ya jivu na majani yaliyokauka huteleza yakaacha kaa kavu chini. Ndiyo kosa kubwa la wenye pampu za mgongoni za lita 15 au 20, wananyunyiza kama wanaopiga dawa ya wadudu. Mwaga kidogo, geuza kwa jembe, mwaga tena, changanya na udongo hadi iwe tope lililopoa unaloweza kulishika. Sabuni ya maji kidogo kwenye pampu husaidia maji kuzama. Pasipo maji, kwangua na uchanganye na udongo wa chini ulio na unyevu. Usilifunike tu: kaa lililofukiwa ni tanuri la mkaa, na wachoma mkaa wanajua linakaa siku ngapi.

Visiki vya minazi, magogo yaliyolala na mizizi iliyooza ndivyo vinavyoshika moto muda mrefu. Gogo lilipasue au liviringishe uone tumbo lake. Shimo lenye jivu jeupe laini juu ya kisiki kilichokuwepo ni mzizi unaoungua. Fuata mzizi huo, mara nyingi hutokea upande wa pili wa mpaka. Makaa yaliyo jirani na korongo au mfereji yavute ndani, mbali na ukingo, maana korongo lina majani yaliyorundikana na upepo hupita humo kama bombani.

Mpaka wenyewe, barabara ya kuzuia moto, usipungue mara 2 au 3 ya urefu wa nyasi, ukwanguliwe hadi udongo. Nyasi ya mita 2 inataka mita 6. Ukivuma upepo hata lami itavukwa, kwa hiyo kinga ya nyumba hufanywa nyumbani: mita 1 na nusu kuzunguka ukuta pasiwe na kuni, makuti wala majani, nyasi fupi hadi mita 10, jiko la makuti litengwe na nyumba. Bati la mawimbi huacha matundu kwenye ncha ya paa, na humo ndimo cheche huingia darini. Ziba kwa saruji, au kwa wavu wa chuma wenye tundu lisilozidi milimita 3. Wavu wa mbu wa plastiki huyeyuka.

Mlinzi wa mwisho apewe jembe, maji na simu yenye chaji; namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Akeshe. Alfajiri apite mpaka wote tena, kwa kuwa moshi huonekana vizuri zaidi hewa ikiwa baridi na imetulia. Kisha arudi mara moja zaidi saa 8 mchana, upepo wa bahari ukiwa umeshaamka, na asimame pale kwa muda.